Muthurwa na Shamba la Baba

Tangu enzi za ukoloni, mfanyakazi Mwafrika wa Reli aliyepata makao ya mwajiri jijini Nairobi aliweza kujikuta Muthurwa, katika chumba kimoja kwenye safu ndefu ya vyumba vinavyofanana, huku choo na bomba la maji vikitumiwa na majirani wote. Landhi, ndivyo watu walivyoziita nyumba hizo za Reli, na jina hilo limebaki kwenye Barabara ya Landhies inayopita papo hapo kuelekea Barabara ya Jogoo. Watoto walizaliwa humo, wakasomea mitaa ya jirani, wengine wakaajiriwa na Reli kama baba zao. Hata hivyo, hakuna baba aliyeweza kumwachia mwanawe chumba cha Muthurwa kama urithi. Nyumba ilifuata kazi, na kazi ikiisha ufunguo hurudi kwa mwajiri.

Urithi wa watu wa Muthurwa ulikuwa kwingine. Ulikuwa Siaya, Kakamega, Machakos, Murang'a, na njia ya kuufikia ilianzia stendi ya mabasi ya Machakos, iliyo kando ya mtaa huo. Huko ndiko kulikokuwa na shamba la baba, na huko ndiko ndugu walikogawana, wakakosana na kupelekana kortini.

Historia ya kugawa ardhi ya familia nchini Kenya husimuliwa kwa kawaida kutoka upande wa shamba. Ukiitazama kutoka Muthurwa, jambo jingine linajitokeza: kwa sehemu kubwa ni historia ya mtu ambaye hakuwepo siku shamba lilipopimwa.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli, na kwa miongo mingi serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mgeni wa muda. Alitakiwa afanye kazi, atembee na kipande cha kitambulisho shingoni, kisha arudi kwao. Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1915 ilikuwa tayari imemfanya hata kwao awe mpangaji wa serikali, na mwaka 1921 Jaji Mkuu Jacob Barth alithibitisha hivyo kortini katika kesi ya Wakikuyu waliokuwa wakigombania shamba. Mjini hakuwa na chake. Mashambani alikuwa na chake kwa mila, lakini si kwa sheria ya dola.

Pumwani, si mbali na hapo, mambo yalikwenda tofauti kidogo. Mtaa huo ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 uliwaruhusu Waafrika kujenga nyumba zao wenyewe juu ya kiwanja cha manispaa. Ardhi haikuwa yao, ila nyumba ilikuwa yao, na iliweza kupangishwa na kurithishwa. Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake, na kwa kuwa wengi wao walikuwa Waislamu, mali zao zilifuata mafungu ya sheria ya Kiislamu. Mtoto wa Pumwani aliweza kurithi vyumba vya mama yake. Mtoto wa Muthurwa alirithi jina la kijiji.

Mila zilizotawala vijiji vya watu wa Muthurwa zilijua kumtunzia aliye mbali. Kwa Wakikuyu, ardhi ya mbari, yaani ukoo, ilikuwa na mlezi, muramati, mara nyingi mwana wa kwanza, aliyesimamia mipaka na kumgawia kila ndugu mahali pa kulima. Hakuwa mwenyewe wa ardhi peke yake. Kwa Wajaluo, boma lilipangwa kwa nyumba za wake: mke wa kwanza, mikayi, na upande wake, wa pili, nyachira, na wake, na kila mwana alijua tangu utotoni sehemu ya mama yake ilikuwa ipi. Mwana angekwenda Nairobi akakaa miaka 20 akifunga mabehewa, na akirudi shamba lake lingali pale, linalimwa na ndugu au shemeji. Kutokuwepo hakukufuta haki.

Mila hizo hizo zilimfungia nje binti. Alihesabiwa kuwa wa kule atakakoolewa, na asipoolewa alikaa kwa ruhusa ya kaka zake. Utaratibu uliomlinda ndugu aliyeko mbali haukumlinda dada aliyeko karibu, na dosari hiyo ilikuja kuwa mzizi wa kesi nyingi za mirathi zilizofuata.

Mwaka 1954 ndio uliovunja utaratibu huo wa zamani, na ulivunjika pande mbili kwa mpigo. Tarehe 24 Aprili, majeshi ya Waingereza yalizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika upande wa mashariki wa jiji ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Mwaka huo huo serikali ilichapisha mpango wa R. J. M. Swynnerton wa kubadili kilimo cha Waafrika: vipande vilivyotawanyika vikusanywe pamoja, vipimwe, na kila shamba liandikishwe kwa jina la mtu mmoja apewe hati.

Kwa hiyo kamati za kuunganisha mashamba zilikuwa zikikaa Kiambu, Nyeri na Murang'a wakati maelfu ya wenye haki walikuwa nyuma ya seng'enge au kazini mjini. Aliyekuwepo ndiye aliyesema shamba ni la nani. Mara nyingi kaka mkubwa aliandikwa kwa niaba ya wote, kama mila ilivyotaka, kwa nia njema kabisa. Mara nyingine aliandikwa jirani, au mtu aliyekuwa karibu na chifu. Vyote viwili viliingia kwenye daftari kwa namna moja: jina moja, nambari moja.

Dola ikafunga mlango kwa makusudi. Mwaka 1957 kesi za ardhi zilisimamishwa katika maeneo hayo ili upimaji usicheleweshwe. Sheria ya Ardhi Zilizoandikishwa ya mwaka 1963 ilimpa aliyeandikwa umiliki kamili, na kifungu cha 143 kikasema kwamba uandikishaji wa kwanza hauwezi kusahihishwa na korti hata kama ulipatikana kwa udanganyifu. Mtu aliyetoka kizuizini, au mstaafu aliyeshuka kwenye basi na sanduku lake la bati, alikuta sheria inamtambua nduguye tu.

Miaka michache baada ya uhuru, ndugu walianza kushtakiana. Mahakama Kuu ikatoa majibu mawili yasiyopatana.

Jibu la kwanza lilitolewa na Jaji Madan katika kesi ya Muguthu dhidi ya Muguthu, iliyoripotiwa mwaka 1971. Shamba lilikuwa limeandikwa kwa jina la kaka mkubwa, na mdogo akadai fungu lake. Jaji aliona kwamba kaka aliandikwa kama muramati, kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Wakikuyu wakati wa kuandikisha, na kwamba alishika shamba kwa amana ya nduguye ingawa neno amana halikuandikwa popote kwenye daftari. Jibu la pili lilitolewa na Jaji Bennett katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo mwaka 1972, na akalirudia mwaka uliofuata katika Esiroyo dhidi ya Esiroyo, ambako baba alikuwa akitaka kuwatoa wanawe shambani. Kwa maoni yake, siku shamba linapoandikishwa haki zote za mila hufa. Kama jina ni la baba, shamba ni la baba, na wana hawana la kudai.

Kwa zaidi ya miaka 40 mawakili walibeba majibu hayo mawili mkononi, kila mmoja akilichomoa lile linalomfaa mteja wake. Watu walitimuliwa kwenye mashamba waliyozikia mababu zao kwa nguvu ya uamuzi mmoja, na wengine wakarudishiwa nusu ya shamba kwa nguvu ya ule mwingine.

Wakati huohuo Bunge lilikuwa limeshughulikia swali jingine: mwenye jina akifa, shamba linagawanywaje? Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972 ikakaa rafuni hadi tarehe 1 Julai 1981 ilipoanza kutumika. Tarehe hiyo bado ina uzito. Mali ya aliyefariki kabla ya siku hiyo hugawanywa kwa mila au sheria ya zamani, na ya aliyefariki baadaye hugawanywa kwa sheria hiyo mpya. Familia nyingi zenye hati ya jina la babu hujikuta zikitumia zote mbili, moja kwa babu na nyingine kwa baba.

Sheria ya Urithi ilifanya jambo ambalo mila haikuwahi kulifanya. Ilisema "watoto", bila kutaja wana wala mabinti, walioolewa wala wasioolewa. Mzazi akiacha watoto bila mke wala mume, mali hugawanywa sawasawa. Akiacha mjane na watoto, mjane hushika mali kwa maisha yake yote, kisha watoto hugawana sawa. Waislamu walitolewa kwenye sheria hiyo kwa marekebisho ya mwaka 1990, wao wakabaki na mafungu ya dini yao. Mashamba ya kilimo katika wilaya kadhaa za wafugaji na za mbali, zikiwamo Turkana, Samburu, Kajiado na Narok, yaliachiwa mila.

Jaribio gumu zaidi lilikuwa kwenye familia za wake wengi, nazo hazikuwa chache miongoni mwa watu wa Reli: mke mmoja mashambani, mwingine mjini. Kifungu cha 40 kiliichukua nyumba ya mila kikaibadilishia hesabu. Tuchukue mfano wa mtu aliyeacha ekari 8 na wajane wawili. Nyumba ya kwanza ina watoto 2, ya pili ina 4. Kwa mila za jamii nyingi kila nyumba ingepata ekari 4. Kwa kifungu cha 40 huhesabiwa watoto, na kila mjane aliye hai huongezwa kama fungu moja. Nyumba ya kwanza ina mafungu 3, ya pili mafungu 5, jumla 8. Basi mikayi wa ekari 4 anabaki na 3, na nyumba ya pili inaondoka na 5. Ekari hiyo moja imezaa kesi nyingi, kwa sababu kwa mke wa kwanza aliyelima shamba hilo mumewe akiwa mjini, haikuwa hesabu tu. Yalikuwa ni magunia ya mahindi aliyoyatoa pale kwa miaka yote ile.

Usawa wa mabinti ulikaa kwenye karatasi kwa miaka mingi kabla ya kufika shambani. Katiba ya zamani iliruhusu ubaguzi katika mambo ya ndoa na mirathi, na majaji wengi waliendelea kutazama mila. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa iliyokaa Eldoret iliamua kesi ya Rono dhidi ya Rono. Marehemu alikuwa na wake wawili na shamba la ekari 192. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5 kila mmoja, kwa hoja kwamba mabinti wataolewa. Mahakama ya Rufaa, kwa uamuzi ulioandikwa na Jaji Waki, ilikataa hoja hiyo. Ilisema sheria haimpi binti fungu dogo eti kwa kuwa huenda siku moja akaolewa, na ikaegemea pia mikataba ya kimataifa ambayo Kenya ilikuwa imetia saini. Watoto wote wakapewa sawa. Miaka 5 baadaye Katiba ya 2010 iliondoa ile ruhusa ya kubagua na kuagiza, katika kifungu cha 60, kwamba ubaguzi wa kijinsia katika sheria na mila za ardhi ukomeshwe.

Kujua fungu lako ni jambo moja, kulishika ni jingine. Hapa ndipo mtu wa mjini huchoka. Kwanza huenda kwa chifu wa kijijini kuomba barua inayotaja warithi wote. Barua hiyo na cheti cha kifo hupelekwa kortini, na ombi hutangazwa katika Gazeti rasmi la Serikali kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akiteuliwa, kwa kawaida husubiri miezi 6 kabla ya korti kuthibitisha mgawo. Kabla ya hapo hana ruhusa ya kugawa wala kuuza, na anayeingilia mali ya marehemu bila idhini anaweza kufungwa. Ndipo seveya huja na mnyororo wake, mawe ya mpaka hupandwa, na kwa shamba la kilimo familia hufika mbele ya bodi ya udhibiti wa ardhi iliyowekwa na sheria ya mwaka 1967. Kurithi tu hakuhitaji kibali cha bodi. Kupasua shamba moja kuwa mawili au zaidi kunakihitaji, kwa sababu bodi hizo zilikusudiwa kuzuia mashamba yasikatwe hadi yasiweze kulisha mtu.

Zuio hilo halikushika. Baba aliyekuwa na ekari 6 aliacha wana 4, nao wakaacha watoto wao, na katika sehemu za Vihiga, Kisii na Murang'a leo fungu la mjukuu hutoshea nyumba, migomba michache na kaburi. Katiba iliagiza Bunge liweke kipimo cha chini na cha juu cha ardhi ya mtu binafsi. Muswada wa mwaka 2015 ulijaribu, haukupita.

Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi ya mwaka 2012 ilileta njia nyingine kwa warithi wasiotaka kukatakata. Wanaweza kuandikwa pamoja, kila mmoja na hisa yake iliyotajwa, na akifa hisa yake huenda kwa warithi wake yeye, si kwa ndugu waliobaki. Ule umiliki wa zamani ambapo aliyebaki hai huchukua vyote sasa umeachiwa mume na mke, isipokuwa korti ikiruhusu vinginevyo. Mwenye hisa akitaka kujitenga anaweza kuomba shamba ligawanywe, na msajili huwasikiliza kwanza wenzake wanaotaka kusikilizwa. Kama haliwezi kugawanywa bila kuharibika, korti inaweza kuamuru liuzwe na fedha zigawanywe kwa hisa. Sheria hiyo pia iliifuta ile kinga ya mwaka 1963: uandikishaji wa kwanza uliopatikana kwa udanganyifu sasa unaweza kusahihishwa.

Na Muthurwa yenyewe? Mwaka 2006 Shirika la Reli lilipokuwa likikabidhi uchukuzi wa treni kwa kampuni binafsi, ardhi ya mtaa huo ilihamishiwa mpango wa malipo ya uzeeni ya wafanyakazi wa Reli. Wadhamini walioandikwa kwenye daftari wanaishika kwa niaba ya wastaafu wote. Mwaka 2010 wakazi walitakiwa kuhama, nyumba zikaanza kubomolewa, nao wakaenda Mahakama Kuu katika kesi ya Satrose Ayuma na wenzake. Miongoni mwa waliotakiwa kuondoka walikuwamo wafanyakazi wa zamani wa Reli na jamaa zao. Tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao za makao na utu zilikiukwa, akaagiza pande zote zikutane zipange namna ya kuwahamisha kwa utaratibu. Hakusema ardhi ni yao. Ilibaki ya wadhamini.

Hivyo katika mtaa ambao hakuna aliyeruhusiwa kurithisha chumba, ardhi iliishia kushikwa kwa amana: jina la wachache kwenye hati, faida ya wengi nyuma yake. Hicho ndicho hasa muramati alichokuwa akikifanya kijijini. Tofauti ni kwamba wadhamini wa wastaafu walikuwa na karatasi inayosema hivyo, na muramati hakuwa nayo.

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilimfikia muramati. Katika kesi ya Isack M'Inanga Kiebia dhidi ya Isaaya Theuri M'Lintari na mwenzake, iliyotoka Meru na kuamuliwa tarehe 5 Oktoba, majaji waliiacha hoja ya Obiero na Esiroyo. Walisema amana ya mila ni haki inayofungamana na shamba hata ikiwa haikuandikwa, na mdai halazimiki kuwa anaishi juu ya ardhi hiyo. Wakaweka vipimo: ardhi iwe ilikuwa ya familia, ukoo au kundi kabla ya kuandikishwa, mdai awe wa familia hiyo, uhusiano wake usiwe wa mbali mno, anayedaiwa naye awe wa familia hiyo, na mdai awe mtu ambaye angestahili kuandikwa kama si jambo fulani kumzuia.

Kipimo hicho cha mwisho kinamtazama moja kwa moja aliyekuwa kizuizini mwaka 1954, na aliyekuwa akifunga mabehewa siku kamati ilipokaa chini ya mti. Uamuzi ulikuwa wa haki, na ulichelewa miaka 60. Wengi waliouhitaji walikwisha kufa wakiwa wapangaji.

Watoto na wajukuu wao bado wapo, Eastlands mashariki mwa Nairobi na kwingineko, na hati nyingi mashambani bado zina jina la babu. Kadiri jina hilo linavyokaa, ndivyo idadi ya warithi inavyoongezeka na mashahidi wanavyopungua. Tangu mwaka 2015 mahakama za mahakimu zimepewa uwezo mpana zaidi wa kusikiliza mirathi, hadi mali ya shilingi milioni 20 kwa hakimu mkuu, hivyo safari ya korti imekuwa fupi kuliko zamani. Mwenye shamba la familia lisilogawanywa na aifungue mirathi mwaka huu, wazee wanaojua mipaka wakiwa hai. Na katika barua ya chifu ahakikishe limo jina la kila mtoto: aliyeko mjini, aliye ng'ambo, na dada aliyeolewa. Mgawo uliopatikana kwa kumficha mrithi mmoja unaweza kufutwa na korti wakati wowote.